Tusi Nililosoma kwa Sauti ya Askari

Musinicheke, ao mucheke kidogo tu, maana mimi ndiye mutu aliyekimbiza shule nzima kwa mudomo wake, na hata leo nikipita pale najifunika kitenge usoni.

Ilikuwa mwaka ule nyuma ya volkano kulipuka, darasa letu la mbao limejengwa juu ya majiwe meusi ya lava (ukivua viatu unasikia joto bado, kama mutu amelala humo chini), na siku hiyo moshi ulishuka toka mulimani mpaka tukawasha taa mchana. Papa mwalimu wa uandishi alitaka tusome hadithi zetu. Yangu ilikuwa ya askari wa bariyeri, pale wanaposimamisha magari njia ya Rutshuru, anayetukana wasafiri. Tusi lenyewe nililitunga mimi, refu, chafu, linataja mama ya mutu pamoja na ng'ombe wake (sitalirudia hapa, musiniombe). Papa mwalimu akaninong'oneza, "Pale useme tu 'akatukana', uendelee." Lakini mimi na kiburi changu nikaamua kulisoma lote, tena kwa sauti ya askari.

Wenzangu wakacheka. Kicheko kikanivimbisha kichwa, nikapanda juu ya kiti, nikakaza koo, "Mulale chini, nyinyi...", kisha tusi, na hapo nikasikia sauti inatoka nzito, kavu, si yangu kabisa. Kicheko kikakatika. Mama Neema, mutu muzima tuliyesoma naye, aliyekimbia Rutshuru wakati wa vita, alivua viatu, akavipanga vizuri kando ya benchi, akalala kifudifudi. Nikanyamaza kwa woga katikati ya tusi. Yeye akalimalizia. Neno kwa neno, vile nilivyoandika, na karatasi yangu hakuna mutu aliyekuwa ameiona ila papa mwalimu.

Darasa la pembeni walikuwa wamesikia ile "mulale chini" kupitia mbao. Mutu akalia, "Waasi wameingia!" Basi benchi zikaanguka, watu wakaruka madirisha, na kule barabarani maduka yakaanza kufungwa, wamama wanaouza makala ya kupikia wanakimbia na magunia kichwani, na mimi niliyeanzisha yote nimebaki juu ya kiti na karatasi yangu.

Nikashuka, nikapiga magoti. "Mama Neema, unisamehe. Ni mimi. Hakuna askari."

Hakuinua uso. "Ameenda?"

"Ameenda, mama."

"Na wale aliowalaza chini, katika hadithi yako, walifika nyumbani?"

Hadithi yangu iliishia palepale kwenye tusi. "Wote, mama," nikasema. "Walifika wote."

Akakaa, akapangusa vumbi kwenye kitenge chake. "Andika hivyo, basi."

Niliandika jioni ileile. Sauti ile sijaitoa tena, na sitaitoa, hata munipe nini. Ilikuwa ya nani, sijui. Mama Neema anajua, na mimi sitamuuliza.