Maji Yaliyong'oa Jina la Amisa

Amisa alikuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni Kasongo. Aliyafuata mwenyewe Lusangi kwa pikipiki yake, akarudi na bidoni za mafuta zimefungwa nyuma. Siku alipoinunua pikipiki hiyo, watu walimpongeza mdogo wake, Hemedi, wakidhani ndiye mwenyewe. Jambo hilo lilimkera hata akamtafuta fundi wa maandishi, akaandikiwa kwenye tangi kwa rangi nyeupe: AMISA WA LUSANGI. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena ni ya nani.

Hemedi alipokuwa anamwoza binti yake, ilikubaliwa pikipiki ya shangazi ndiyo itangulie mbele ya bibi harusi. Lakini ilikuwa imejaa udongo mwekundu ulioshikana na mawese, na Amisa hakupenda kabisa watu wengine waiguse. Kwa hiyo aliposikia kwamba Mugisho, mgeni aliyetokea Salamabila, amefungua mahali ambapo mteja anapewa mpira wa maji akaosha pikipiki yake mwenyewe, aliona ni kama pamefunguliwa kwa ajili yake.

Asubuhi ya harusi akaenda. Mugisho alimpokea vizuri, akamwonyesha sabuni, akawasha mashine ya kuvuta maji kutoka kijitoni, kisha akajiondokea kwenda kukaa kivulini na simu yake. Hakumwambia kwamba mashine ile alikuja nayo kutoka machimboni, ambako wachimbaji walibomolea nayo, kwa nguvu ya maji, kingo za udongo wakitafuta dhahabu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Tope liliruka mapande mapande, vyuma vikaanza kung'aa. Amisa akapaka sabuni kila mahali, akaanza kusuuza magurudumu, akapandisha maji kwenye injini, akafika kwenye tangi. Hapo akaona vitu vyeupe vinadondoka chini kama maganda ya yai. Kabla hajageuza mpira, jina lake lilikuwa limekwenda na maji. Zilibaki herufi za mwisho tu, NGI.

Akapiga kelele mashine izimwe, lakini kwa ngurumo ile nani angesikia? Akautupa mpira, nao ukaruka huku na huku ukamlowesha kitenge chote. Ndipo mashine ikajizimikia yenyewe. Esansi, yaani petroli yake, ilikuwa imekwisha, na nusu ya pikipiki bado ina povu.

Mugisho alikuja taratibu. Amisa akamwonyesha tangi.

"Mama, miye nilikupa maji tu," Mugisho akasema. "Mukono ulikuwa wako."

"Na nguvu ya hayo maji, ilikuwa yangu pia?"

Mugisho akaelekeza kidole kwenye ubao mlangoni, palipoandikwa kwamba kila mtu anajioshea. Kuhusu esansi, alisema alikwisha kutuma mtu kuinunua, ila huyo mtu bado hajarudi.

Kilichomchoma Amisa zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumtupia lawama. Angemwachia mtu mwingine kazi, angemgombeza mpaka jioni. Akaisukuma pikipiki hadi kwa Clémentine, mama aliyekuwa akikaanga mikate hapo jirani, akaomba ndoo, akasuuza povu lililokwisha kukauka. Hemedi alimkuta hapo, akatazama tangi.

"Yaya, twende tu," akamwambia dada yake. "Leo watu wataangalia bibi harusi."

Amisa akatangulia mbele ya msafara kama ilivyopangwa, kitenge kikiwa bado kibichi. Pilau ilipoletwa, alionja akaacha.

Kesho yake alirudi kwa Mugisho, maneno yote ameyapanga njiani. Akamkuta Evariste, dereva wa pikipiki wa njia ya Wamaza, anagomba kwa sababu kiti chake kimechanika kwa maji yale yale. Amisa akasimama ubavuni mwake, akaongeza yake. Mugisho aliwasikiliza wote wawili, akatikisa kichwa kama mtu anayewahurumia kweli. Kisha akaenda akawasha mashine. Wakaendelea kusema, lakini kwa ngurumo ile hata wao wenyewe hawakusikiana.