Jiwe la Nne kwenye Njia ya Hatta

Baba yangu ana jiwe. Wenzetu baba zao wana mashamba na majumba. Wetu ana jiwe, tena jangwani, pembeni mwa njia ya Hatta, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitia machoni.

Kila Idi, wageni wakishakula, Baba hujifuta midomo na kuanza. Alipokuja Dubai kutoka Unguja, kijana mbichi, alipewa gari apeleke watu na magunia Hatta, kule milimani. Lami hakuna. Njia yenyewe ilikuwa alama za matairi tu, upepo ukivuma zimefutika, na madereva walikuwa wakipotea na kulala huko huko. Kwao Unguja, shamba, barabara ya kwenda mjini ilikuwa na mawe meupe, kila maili na jiwe lake na nambari yake. "Njia haina jiwe, njia gani hiyo?" Basi akapanga mawe kwenye njia panda, akayapaka chokaa, akaandika nne kwa rangi nyeusi.

"Nne ya nini?" Mama huuliza, kila Idi, kama ndiyo kwanza anasikia. "Maili nne kutoka wapi, na Hatta iko kule na Dubai iko huku?"

"Nne," Baba hujibu, na kujitilia tende mdomoni.

Madereva wenzake walimcheka, wakaliita kaburi la Mzanzibari. Baadaye, kwa madai yake mwenyewe, wote wakawa wanaelekezana hivyo: ukifika kaburi la Mzanzibari, kata kulia. Sisi wanawe tukalidaka. Akichelewa kurudi msikitini, tunasema kapita kuzuru kaburi lake.

Mwaka huu daktari akatuambia presha ya macho imeshamaliza jicho moja, na la pili linafuata, na kilichokwenda hakirudi. Baba alisikiliza, akavaa kofia yake. Kwenye lifti akasema, "Nataka nkalione jiwe langu kabla jicho halijazima." Hakuna aliyetania. Mimi nilijifanya nakwenda msalani, nikalia.

Mdogo wangu wa kiume alitangulia kwenda kulitafuta. Akarudi uso umemshuka: barabara imepanuliwa, kilima kimekatwa, jiwe hakuna, khalas. Nani wa kumwambia Baba? Mimi sithubutu, na yeye hathubutu. Ndipo tulipopanga ujanja wetu. Tukanunua chokaa na kikopo cha rangi nyeusi pale Deira, mtaani kwetu, tukaenda wawili, tukarundika mawe nyuma ya kibanda cha chai karibu na pale anapopasimulia, tukapaka, tukaandika nne. Mdogo wangu akarudi nyuma kulitazama, kifua mbele, utadhani kajenga ngome. Na macho yenyewe yale, Baba atajua nini?

Jumamosi tukampakia Baba. Njia nzima aligombana na simu yangu. "Huyu dada anayesema geuka kulia, kazaliwa lini? Mwambie mimi nlikuwa napita hapa kabla ya mama yake." Tulipofika nikamshika mkono, nikamshusha mpaka kwenye jiwe. Alichuchumaa. Akalipapasa, juu, ubavuni, chini.

"Ala! Nani kalijenga hili?"

"Wewe, Baba."

"Mimi? Madogo chini, makubwa juu? Mimi, mtoto wa fundi mwashi? Mbuzi akijikuna hapa linamwangukia!" Akanusa vidole vyake. "Na chokaa yenyewe ndiyo kwanza inakauka."

Alicheka mpaka akapaliwa. Mdogo wangu akawa anatazama viatu vyake, nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kicheko kilipokwisha, Baba aliuliza taratibu, "Lile langu limekwenda?"

"Limekwenda, Baba."

Halafu akakunja mikono ya kanzu. "Haya, yalla. Pangueni uchafu huu."

Tulipangua. Yeye akakaa chini kwenye changarawe, sisi tukawa tunampa jiwe moja moja. Analigeuza mikononi, analikataa, anataka jingine, anatutukana kwa mapenzi: watu wazima nyinyi, mnashindwa hata kuokota jiwe! Jua likatuchoma. Lilipokamilika, hata mdogo wangu alilisukuma kwa bega na halikutikisika.

"Leteni hiyo rangi mlobakisha kwenye buti la gari."

"Umejuaje imebaki?"

"Nawajua wanangu. Hamtupi kitu."

Nikamfungulia kikopo. Nikamshika kiwiko. Na safari hii nikamuuliza bila utani, "Baba, nne ya nini?"

"Nyumba yetu ilikuwa kwenye jiwe la nne," alisema. "Nikitoka chuoni kusoma Kurani, nikiliona tu, natoka mbio, maana pale nshamsikia mama anatwanga. Sasa huku nlikuwa peke yangu, kijana, naogopa, mchanga mtupu. Nkaona nijiwekee na huku. Kila nikipita nijione nshafika nyumbani."

Miaka yote ile tunamcheka, na hakuna aliyenyamaza akamsikiliza mpaka mwisho. Aliandika nne yake, imepinda upande. Akaisogelea mpaka pua ikaribie kugusa jiwe, akaitazama kwa lile jicho lililobaki, kisha akalifumba na kuifuatisha kwa kidole, rangi ikiwa bado mbichi. Nilimpa kitambaa ajifute. Hakukitaka. Alirudi na kidole cheusi mpaka Deira, akaenda kumwonyesha Mama.