Fundi Anayepima Miguu kwa Kamba

Fundi wa kuchomelea pale Ihanja ni mfupi kweli, lakini mdomo wake ungefika Manyoni kabla ya basi. Futi ya chuma anayo, ila haigusi. Anakukalisha juu ya gunia la alizeti, anakupima kwa kamba ya katani toka gotini mpaka kisiginoni, anapiga fundo, halafu anaanza kukuchamba. "Calist, wewe ulizaliwa au ulivutwa?" Calist, dereva bodaboda anayeinama kila mlango, alicheka kwa shida. Magoti yake yalikuwa yanagonga usukani, kila jioni anashuka anachechemea, na wiki hiyo alishaanza kutafuta mtu wa kumuuzia pikipiki. "Usiuze, kaka. Mafundi wa Singida mjini wananiota mimi!" Mikono yake yenye makovu ya cheche ikashusha vyuma vya kukanyagia, ikavisogeza mbele kidogo, ikashusha na pedeli ya gia, maana wengine huisahau, mguu ukabaki unaitafuta hewani.

Kazi ikiisha, fundi hakitazami chuma tena, anatazama mtu. Alipanda nyuma ya Calist, akamshika goti kwa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto, wakaenda mpaka mwisho wa kijiji na kurudi. Calist akasimamisha pikipiki kwa stendi, akashuka, akaenda mtungini kunywa maji. Fundi, bado yuko juu ya siti, akamtazama anavyotembea. Hakuchechemea.

"Rudia," akasema.

Calist akarudia, huku anacheka.

"Haya, sasa njoo unishushe, twiga wewe. Miguu yangu haifiki chini."