Buti Lililobeba Nyumba Yangu

Mwanangu, siku niliyopelekwa kwa mume wangu haijanitoka kichwani, na nikiikumbuka bado nashusha pumzi, alhamdulillahi. Keti. Simu iweke chini, haitakimbia.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, serikali na watu wa msituni wanawindana, sisi tuko katikati. Kwetu Wasomali bibi harusi hupelekwa kwa ngamia, na ngamia huyo hubeba nyumba yake: miti iliyopindwa na mikeka minene iliyosukwa na mama yake na wanawake wa ukoo. Bila nyumba hiyo unaolewaje? Utalala juani? Lakini miaka ile msafara wa ngamia ukionekana njiani ulihesabiwa kuwa wa shifta, ukapigwa risasi. Basi mama akaamua niende kwa gari la abti, yaani mjomba wangu, kutoka Garissa hadi upande wa Ijara.

Sasa wanawake wetu walijua kupakia ngamia, gari hawakulijua. Mzigo wa ngamia hukazwa mpaka usicheze, maana ukicheza unamchubua mnyama. Nao wakalikaza buti, pale nyuma ya gari pa kuwekea mizigo, vivyo hivyo. Miti wakaifunga juu ya paa, mikeka wakaikunja na kuishindilia ndani ya buti, mmoja akapanda juu ya mfuniko akarukaruka mpaka ukajifunga. Wakapiga vigelegele. Mimi nikajivuna, nikaona hakuna bibi harusi aliyepakiwa vizuri kama mimi.

Garini tulikuwa abti, mimi na eeddo, shangazi yangu, mwanamke mnene asiyejua neno la Kiswahili. Kwenye kizuizi cha wanajeshi tukasimamishwa. Askari mmoja akamwambia abti afungue buti. Abti akatia ufunguo. Ukaingia, ukakataa kuzunguka.

"Huko ndani kuna nini, mzee?"

"Nyumba," abti akasema.

Askari akawatazama wenzake. "Nyumba. Ndani ya buti."

"Ya huyu binti. Anaolewa."

"Unanichezea? Fungua, ama tufungue sisi kwa risasi, na wewe umesimama hapo hapo."

Abti alisema kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa inatumaliza. Wakati ule mtu alichukuliwa kwa jambo dogo kuliko hilo na hakuonekana tena. Abti akaung'ang'ania ufunguo mpaka ukaanza kupinda. Mimi nikashuka, nikashika ukingo wa mfuniko, nikavuta mpaka kucha zikatoka damu. Yeye anazungusha, mimi navuta, askari anakoki bunduki.

Eeddo akashuka polepole, kama mtu anayekwenda kukamua mbuzi. Akanichapa mkono. Akatukaripia kwa Kisomali mbele ya bunduki zile:

"Mna wazimu? Fundo la mzigo wa ngamia mnalifungua kwa kulivuta? Si hulegezwa kwanza! Mikeka inasukuma juu, na wewe unavuta juu. Toka hapo."

Akageuka, akasema bismillahi, akaukalia mfuniko kwa uzito wote aliopewa na Mungu. Gari likainama nyuma. Abti akazungusha ufunguo taratibu. Kak. Eeddo akainuka, mfuniko ukaruka, askari akarudi nyuma kwa mshtuko, na mkeka wa mama yangu ukajikunjua mpaka kwenye viatu vyake.

Wakatoa mikeka yote, wakaipapasa, wakachungulia chini. Hakuna bunduki. Yule askari akamtazama eeddo, kisha akaanza kucheka.

"Kumbe nyumba kweli. Nendeni, mzee. Na safari nyingine huyo mama usimwache nyumbani."

Abti akakaa mchangani akicheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilihisi hewa inaingia kifuani kama maji baridi ya kisima. Buti hatukulibana tena, tulilifunga kwa kamba, legelege tu. Jioni ile nyumba yangu ilisimama, nikalala ndani yake, na abti mzima wa afya anakoroma nje kwenye gari lake. Sijawahi kusikia mkoromo mtamu kama ule.

Nakuambia haya kwa sababu nakuona ulivyo. Kitu kikikwama, na mtu yuko mgongoni kwako anapiga kelele, mikono itataka kuvuta. Usivute. Rudi kidogo, ujue kwanza ni nini kinachosukuma kutoka ndani. Mlango, mume, mtoto aliyenuna, karani wa ofisini, wote hao nimewafungua kwa kuwalegezea. Na mtu mzima akikukemea mbele za watu, shika maneno yake. Aibu utaisikia baadaye, ukiwa hai.

Mungu akutulize mikono, akusimamishie nyumba yako, na asikunyime eeddo wa kukukaripia kwa wakati. Haya, sema amin, tena kwa sauti.