Seli Yenye Geti

Sijui ni nani aliamua kwamba mtoto akipewa kazi ya shule, mzazi ndiye ataifanya. Jumapili hiyo nilikuwa hata sijavua viatu vya kanisa, binti yangu wa gredi ya nane akanitangazia kwamba kesho anatakiwa kufika na seli mbili, ya mmea na ya mnyama, zilizotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Na atasimama mbele ya darasa azieleze.

"Uliambiwa lini?"

"Jumanne."

"Jumanne! Na ulikuwa unangoja nini, zimee?"

Ningemfinya, lakini machozi yalikuwa karibu. Muhula uliopita nilimtengenezea moyo wa udongo ukatoka kama kiazi, na darasa zima likamwita Waru mpaka shule zikafungwa. Hakutaka kuchekwa tena. Nikajifunga leso.

Ya mmea ilienda vizuri. Katoni ya mafuta ya kupikia ikawa ukuta. Ndani yake nikatandaza unga wa chapati niliousukuma mwembamba: huo ni utando, unaochagua kinachoingia na kinachotoka. Nikamwaga uji mzito uliopoa, nikatumbukiza mbegu ya parachichi katikati, ikawa kiini, mkubwa anayetoa amri. Njegere zikawa kloroplasti, wapishi wanaotumia jua badala ya makaa. Maharagwe yakawa mitokondria, yale yanayotoa nguvu. Paketi ya maziwa tukaijaza maji, ikawa vakuoli, tangi la kuhifadhi.

Ya mnyama tukaiumba kwenye sinia: utando wa chapati, uji, kiini, maharagwe. Basi. Nilitoka kunawa mikono, nikarudi nikapata baba yake ameizungushia kadibodi, ameibandika kwa gundi, na sasa anachora geti.

"Unafanya nini, Baba?" nikamuuliza.

"Mmeiacha wazi. Mtu akiingia?"

Huyu mwanamume lazima niwaelezee habari zake. Tuko na ploti upande wa Isinya. Huku Kitengela ukinunua ploti, kwanza unaweka ukuta, kabla mtu hajahamisha bikoni zako za mpaka. Sisi tuliweka ukuta, tukaweka geti jeusi na kufuli, tukaishia hapo. Nyumba hakuna. Tunaishi ya kupanga, na kila tukipata nafasi tunapelekwa kuangalia geti. Ananiuliza, "Si linapendeza?" Mimi huangalia nyasi ndani, nikanyamaza, kwa sababu nikifungua mdomo tutarudi nyumbani kila mtu kivyake.

"Baba, seli ya mnyama haina ukuta!" binti yake akalia. "Watanicheka!"

"Wewe ndiye utanifundisha ulinzi?"

Nje, mbuzi wa jirani walikuwa wanapita, mmoja amejikunja anajikuna mgongo kwa pembe. Nikamvuta mzee wangu mpaka dirishani.

"Ona huyo. Angekuwa na ukuta kila mahali mwilini, angejikunja aje? Mti hauendi popote, ukuta ndio unausimamisha. Mbuzi yuko na mifupa."

Nikaing'oa kadibodi. Akabaki na geti lake mkononi kama mlinzi aliyefutwa kazi.

Siku iliyofuata binti alirudi mbio, sinia kichwani.

"Mwalimu aliniuliza tofauti. Nikasema ya mmea iko na ukuta, kama ploti ya Baba. Ila seli iko na kiini ndani, ploti iko na nyasi tu."

"Wakakucheka?"

"Aa-aa, Mama. Walimcheka Baba. Hata mwalimu."

Baba mwenyewe, aliyekuwa mezani anakula, aliacha kutafuna. "Ulisema hivyo mbele ya mwalimu?"

"Nilikuwa naeleza, Baba."

Akakoroga maharagwe kwenye sahani yake. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Jumamosi nitaita fundi apime msingi."

Nilimwongezea maharagwe, kijiko kikubwa, apate nguvu za kuchimba.