Nyumba ya Baridi

Shule niliacha darasa la tatu, kule Kapalamsenga, na sababu ni bati. Darasa letu halikuwa na dari. Saa sita linawaka kama karai la mandazi. Nasinzia, mwalimu ananichapa, nasinzia tena. Mwalimu mwenyewe alikuwa na baiskeli mpya, anaifuta kuliko anavyofundisha, ila tuyaache hayo. Siku moja niliomba ruhusa ya kukojoa, nikaenda zangu ziwani kuoga. Ikawa basi.

Nadhani joto lile ndilo lililonifanya fundi wa namna yangu. Miaka ya tisini, Mpanda mjini, padri aliniita nijenge nyumba ya watu waliokuwa wakilala barazani pale stesheni ya treni. Hakutaka tukate miti ya kuchomea tanuru. Nikafyatua matofali mabichi, nikapandisha kuta nene, paa la nyasi, matundu chini ya kuingiza hewa na mengine juu ya kuitoa. Jiko moja, la udongo, nje, linaivisha maharage kwa vijiti. Ndani, moto marufuku, kwa sababu ya nyasi.

Tuliwaingiza mwezi wa sita, wakati wa baridi. Mmoja wao alikuwa mzee mrina asali wa Ugalla, kifua kibovu. Daktari alishasema akinyeshewa masika mengine, hatapona. Huyo ndiye aliyeninyima raha.

“Fundi, umenijengea mtungi,” aliniambia siku ya tatu. “Mimi ni maji?”

“Mzee wangu, subiri joto la Oktoba, utanishukuru.”

“Oktoba ya nani? Tangu nizaliwe sijalala bila moto miguuni.”

Nikaziba matundu kwa matambara. Nikampelekea blanketi la mke wangu, ugomvi wake mpaka leo haujaisha. Nikamwomba padri tutoboe paa tuweke mafiga ndani. Akakataa: nyasi zikishika, watu kumi na wawili wataungua. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Kukaa siwezi, kula siwezi. Nikaanza kumjengea chumba kilichoegemea jiko, apate joto la ukuta.

“Siku mbili tu, mzee.”

“Siku mbili za fundi!” Akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya tano ya kujenga, ukuta ulikuwa umenifika kiunoni. Akatoka na fimbo yake, akanipita, akashika njia ya reli, upande wa kwao Ugalla.

“Mzee, chai iko tayari!”

Akainua mkono bila kugeuka. Nikadhani anakwenda kuota jua, nikaendelea kupanga tofali. Hakurudi.