Mtungi Aliousuka Zubeda

Kwa miaka kumi na tisa Zubeda alisuka nywele katika saluni ya Jules Street, Malvern. Wateja walimfuata kwa sababu ya njia zake, ile mistari ya kugawa nywele, ambazo hazikupinda kwenye kichwa chochote. Vidole vilipoanza kufa ganzi, akaacha. Akapata kazi Doornfontein, kwenye karakana ya Papa Ignace, fundi wa vyombo vya udongo kutoka Lubumbashi. Kazi yenyewe ilikuwa kusugua vikombe kwa sponji, kuondoa mshono unaobaki pale vinapokutana vipande viwili vya kalibu, lile umbo la plasta la kumiminia udongo.

Siku moja hoteli mpya ya Marshalltown ikarudisha sampuli za mitungi ya maua. Mizuri, walisema, lakini ya namna hiyo iko kila mahali.

"Eish, Mama Zubeda," Papa Ignace akasema. "Wanataka nini, basi?"

"Nipe mmoja niusuke."

Alicheka, lakini akampa mtungi wa mfano, wa udongo mbichi.

Zubeda alisuka rasta za bandia taratibu, akipumzisha vidole, akazibandika juu yake. Wakaumwagia plasta wapate kalibu. Plasta ikang'ang'ania nywele, na walipoivuta ikapasuka. Safari ya pili akasuka uzi wa pamba, akaupaka sabuni, akaziba kwa udongo kila upenyo chini ya msuko. Kalibu ikatoka salama. Wakamimina uji wa udongo, wakasubiri plasta inywe maji, wakamwaga uliobaki. Lakini walipofungua vile vipande viwili, misuko ya pembeni ilinasa, mtungi ukachanika ubavuni.

"Mama, tuache," Papa Ignace alisema. "Kalibu inapenda kitu laini."

Zubeda alikuwa akiuzungusha mtungi wa mfano kama alivyokuwa akigeuza kichwa cha mteja.

"Papa, vipande visiwe viwili. Viwe sita. Na kila kimoja kiishie kwenye njia, hapa nilipogawa. Hapa hakuna msuko wa kunasa."

"Na mshono?"

"Utakaa ndani ya njia. Nani atauona?"

Papa Ignace alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Miaka makumi tatu niko kwa hii kazi," alisema, "na sikuwaza hivyo."

Kalibu ya vipande sita ilifunguka bila kung'ang'ana. Mtungi ulisimama mzima, umesukwa twende kilioni, misuko sambamba kutoka kitako hadi shingoni. Ulipotoka tanurini, rangi ya kahawia waliyoupaka ilikuwa imejikusanya kwenye njia, ikaiacha misuko ing'are. Zubeda aliushika kwa mikono miwili.

Hoteli iliagiza kumi na miwili. Kabla ya kuichoma, Papa Ignace alimpa msumari.

"Andika jina chini."

"La karakana?"

"Lako."

Akaandika Zubeda binti Mahmoud mara kumi na mbili, asifupishe hata mara moja.

Hoteli ilipofunguliwa, alivaa baibui jipya akaenda. Mitungi ilipangwa ukutani, chini ya taa. Alisimama mbele yake muda mrefu, mpaka mlinzi, Mkongo kijana mpole, akamsogelea.

"Mama, unangojea mtu?"

"Hapana, baba," Zubeda akajibu, kidevu juu. "Natazama kazi yangu."